Januari abaki juu, Juni ashuke Dar: ulinganisho kwa wenye wazazi Nyanda za Juu Kusini

Kila Januari mabasi yanayoteremka kutoka Mbeya, Njombe na Iringa hubeba wanafunzi, wafanyakazi waliomaliza likizo, magunia ya viazi, na wazee. Watoto walipanda kijijini kula Krismasi, wakamkuta mama anakohoa au baba anachechemea, kikao kikakaa jikoni usiku. "Mama, safari hii tunashuka wote. Ukapumzike kidogo." Mama anakataa mara mbili, ya tatu anaanza kukunja vitenge. Wiki inayofuata yuko Tabata au Mbagala, katika miezi ambayo Dar ina joto kuliko wakati wowote wa mwaka.

Msimamo wangu nauweka mapema kwa ajili ya mwenye haraka. Kama mwezi wa safari uko mikononi mwenu, mzee akae kwake kuanzia Desemba mpaka Machi. Dar aje Juni, arudi Agosti inapoisha. Familia nyingi hufanya kinyume kwa sababu zinafuata likizo ya Desemba, wakati Juni shule nazo hufungwa, wajukuu wako nyumbani, na pwani imeingia kipupwe.

Kisera mzee ni aliyetimiza miaka 60, ndivyo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inavyomtambua. Lakini mtu wa miaka 62 anayelima ekari mbili kwa jembe la mkono hahitaji makala hii sana. Nina mawazo na yule wa 70 kwenda juu, mwenye kadi ya kliniki ya presha au sukari, anayeamka usiku mara tatu kwenda chooni, na ambaye ukimuuliza kama ana kiu anasema hana.

Joto lenyewe

Hapa nimeweka makao matatu ambayo familia zetu huwa zinayafikiria. La katikati huwa linasahaulika, ingawa wengi tuna ndugu huko.

| | Juu (Mbeya mjini, Tukuyu, Njombe, Makete) | Bonde la karibu (Kyela, Usangu, Pawaga) | Dar es Salaam |
|---|---|---|---|
| Miezi mikali | Septemba hadi Novemba, joto kavu | Septemba hadi Desemba | Desemba hadi Machi |
| Mchana, miezi hiyo | Nyuzi 26 hivi Mbeya mjini, Makete pungufu | Huvuka 30 | 32 hivi |
| Usiku, miezi hiyo | Baridi, blanketi linahitajika | Vuguvugu | 24 au 25 |
| Juni hadi Agosti | Baridi kali, Mbeya usiku chini ya 10 | Nzuri | Nzuri, usiku 19 hivi |
| Malaria | Kidogo sana | Nyingi | Ipo, na dengi huzuka |

Wengi tukilinganisha joto tunatazama mchana. Kwa mzee tazama usiku. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Januari na Februari ni miezi ya mvua: mchana nyuzi 23 au 24, usiku 14. Moyo uliofanya kazi ya kuupoza mwili tangu asubuhi unapata saa nane za kupumzika. Dar haupati saa hizo, na hali inaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Mzee analala vibaya, anaamka amechoka, hamu ya kula inapotea, watoto wanasema amekuja kuugua mjini.

Kisha kuna unyevu. Aliyekulia Iringa anajua maji ya mtungi yanavyokuwa ya baridi mwezi wa Oktoba. Mtungi unatoa jasho, hewa kavu inalifyonza, maji ndani yanapoa. Uupeleke mtungi huohuo Kinondoni Februari, maji yatabaki vuguvugu, kwa kuwa hewa imeshiba na jasho la mtungi halina pa kwenda. Mwili wa binadamu unapoa kwa njia hiyohiyo. Kijana anafidia kwa kutoa jasho jingi zaidi na kunywa maji kila mara. Mzee tezi zake za jasho zimepungua nguvu, damu yake haifiki kwenye ngozi kwa wepesi wa zamani, na kiu inamjia wakati mwili umeshapungukiwa tayari.

Mwili wowote huhitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto jipya, na wa mzee huchelewa zaidi. Kwa hiyo anayeletwa Januari "kwa wiki mbili tu" anaondoka siku ambazo mwili ulikuwa unaanza kuzoea. Amelipa gharama yote ya kuzoea, faida hakuipata. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niache ziara fupi za Februari.

Akibaki juu, anabaki na nini?

Tusidanganyane kwamba kubaki ni kupumzika. Jua la Nyanda za Juu ni la hila. Upepo ni baridi, kwa hiyo mtu hahisi anaungua, lakini kadiri unavyopanda ndivyo mionzi inavyoongezeka, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Na kwa kuwa Mbeya iko kusini ya ikweta kidogo tu, katikati ya Oktoba jua la mchana hupita juu ya utosi kabisa. Mzee anayekaa uani na sweta lake akimenya maharage kuanzia saa nne mpaka saa tisa, kichwa wazi, jioni anaumwa kichwa na kusema ni presha. Kofia pana au mtandio mweupe, na kiti kihamie kivulini. Macho nayo yanaumia, na wenye dalili za mtoto wa jicho wanalijua hilo jua vizuri.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni jembe. Novemba mvua za kwanza zikigusa ardhi, hakuna mtoto wa Dar anayeweza kumzuia baba yake kwa simu. Anasema yuko nyumbani, huku nyuma unasikia watu wanaitana shambani. Afadhali msigombane naye kuhusu kwenda. Gombaneni kuhusu saa. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne asubuhi alime, arudi, ale, alale. Jioni saa kumi akitaka atoke tena. Saa saba mchana shamba lilindwe na kunguru. Kama kuna fedha ya kumlipa kibarua siku chache za kupanda na za palizi, hiyo ni kinga bora kwake kuliko godoro jipya mlilopanga kumpelekea.

Septemba na Oktoba kuna pia moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la barabara, na jikoni moto wa kuni hauzimwi. Mwenye pumu au kikohozi cha siku nyingi huwa anabanwa miezi hiyo. Hapo Dar ingemfaa kuliko Mbeya, nakiri. Hewa ya pwani imeshalowana na kuni hakuna. Lakini Dar ya Septemba, kabla kaskazi haijaanza kuvuma, ni tofauti sana na Dar ya Februari.

Halafu ulanzi. Masika, Iringa na Njombe, mianzi inapotoa, wazee wana sehemu yao ya kukaa na hatutaipokonya. Ila pombe inamkojoza mtu. Lita ya ulanzi isihesabiwe kuwa ni maji. Apate kikombe cha maji kabla, kingine baada, na njia ya kurudi iwe na mwanga, kwa sababu utelezi wa mfinyanzi Machi umevunja nyonga nyingi.

Swali gumu la kubaki ni hili: yuko na nani? Mama wa miaka 78 aliyebaki na mjukuu wa miaka tisa, anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda shule, yuko peke yake mchana kutwa. Akianguka saa tatu atakutwa saa tisa. Kama hakuna mtu mzima anayeweza kupita mara mbili kwa siku, hoja zangu zote za hali ya hewa zinapungua uzito, na Dar yenye joto lakini yenye watu inaweza kuwa salama zaidi. Kabla ya kufika huko, jaribuni kumlipa jirani au ndugu kidogo kila mwezi kwa kazi hiyo ya kupita tu: asubuhi kuona kama ameamka na kunywa dawa, alasiri kuona kama jagi limepungua.

Kyela au Usangu kwa dada?

Fupi. Kwa joto la Septemba mpaka Desemba, mabonde haya hayampi mzee wa Makete nafuu yoyote kuliko Dar. Anapata joto, anapata mbu wengi, na hospitali kubwa bado iko mbali. Aliyezaliwa Kyela hilo halimsumbui, ni kwao. Lakini aliyeishi miaka yote Njombe au Makete hana kinga ya malaria ambayo watu wa bondeni wanaijenga tangu utotoni, na kwa mwili wa miaka 75 malaria ya kwanza haiji kwa upole. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ni jambo jingine kabisa: kutoka Tukuyu kushuka Kyela ni mwendo wa muda mfupi tu, magoti yanapata ahueni, na mzee anabaki katikati ya lugha na vyakula vyake. Ningemchagulia hilo mama Mnyakyusa kabla ya Dar, kwa sharti la chandarua chenye dawa na milango kufungwa jioni.

Dar: chumba ndicho kinachoamua

Watu husema "Dar kuna joto" kana kwamba joto ni moja. Joto la mzee ni la chumba chake. Chumba cha wageni kwenye nyumba nyingi ndicho kibovu kuliko vyote: kiko upande wa magharibi, juu bati bila dari au dari ya jipsamu iliyobanana na bati, dirisha moja lenye nyavu, kioo na pazia zito la harusi. Ukuta wa matofali ya saruji unaoteketezwa na jua tangu saa nane mchana unaanza kutoa joto hilo ndani saa mbili usiku. Weka kiganja ukutani saa nne usiku utaelewa. Mpeni mzee chumba cha mashariki, hata kama ni cha watoto, wao wahamie kwake. Pazia lifungwe mchana upande wa jua na dirisha lifunguliwe usiku pande mbili ili hewa ipite.

Feni au kiyoyozi? Kwa Dar, feni inatosha wazee wengi. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 40, na Dar haifiki huko. Siri yake ni ngozi iwe na unyevu: kitambaa cha maji shingoni na mikononi, kisha feni. Feni kwenye ngozi kavu ya mzee asiyetoa jasho inapuliza tu hewa vuguvugu. Kiyoyozi ni kizuri zaidi kwa mwenye moyo dhaifu, lakini msikiweke nyuzi 18 kama wafanyavyo vijana. Ukiweka 27 na feni ikazunguka polepole, chumba kinahisi kama kimepungua nyuzi nne zaidi, Luku haikimbii, na mzee hatoki kwenye jokofu kuingia kwenye tanuri kila anapokwenda chooni. Umeme ukikatika, kuna beseni: miguu ndani ya maji ya kawaida, si ya barafu.

Mbu wa Dar wana zamu mbili. Wa malaria ni wa usiku, chandarua kinamtosha. Wa dengi anauma mchana, na Dar imepata milipuko ya dengi, mikubwa ikiwa ya 2014 na 2019. Mzee anayelala mchana kibarazani ndiye mawindo yake. Afunike miguu kwa kitenge chepesi, na ndoo na matairi yenye maji uani yamwagwe. Homa ikija kabla hamjajua ni nini, apewe parasetamoli tu, wala si diklofenaki au aspirini, kwa sababu kwenye dengi hizo zinaweza kuleta kutokwa damu.

Sakafu ya vigae ikilowa ni adui kama utelezi wa kijijini. Kandambili zilizolika soli zitupwe.

Faida kubwa ya Dar ni matibabu, na sitaipuuza. Muhimbili ipo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo, na vipimo vingine hupatikana kwa urahisi zaidi huko. Hata hivyo wengi hushuka kwa jambo ambalo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Ikonda kule Makete au Tosamaganga pale Iringa wangelimaliza. Ulizeni daktari wa huko kwanza. Akiandika rufaa, mwezi hauna maana tena, mzee ashuke hata kama ni Februari.

Nyingine isiyopimwa kwa kipimajoto: mama aliyezoea kupokea "kamwene" kutoka kwa kila anayepita barabarani sasa yuko nyuma ya geti. Mtoto na mkwe wanatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, wanarudi saa mbili usiku. Dada wa kazi ana simu yake. Mama hanywi maji kwa sababu anaona aibu kuomba omba kwenye nyumba ya mkwe. Si jambo dogo hilo. Nimeliona kwa familia zenye uwezo na zisizo nao. Jagi la lita moja na nusu lenye kikombe chake likae karibu na kiti chake asubuhi, liwe tupu jioni, na hakuna haja ya kuulizana. Vikombe sita mpaka vinane kwa siku vinawatosha wengi, uji, chai na supu vikiwemo. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi unamaanisha jagi halijaguswa.

Dawa hazijui kwamba mmehama

Sehemu hii ndiyo ningetaka isomwe mara mbili.

Baridi huibana mishipa na presha inapanda. Joto huilegeza na presha inashuka. Vidonge vilivyopangwa Njombe mwezi wa Julai vinaweza kuwa vikali kupita kiasi Dar mwezi wa Februari. Dalili yake si ya kutisha mwanzoni: mzee akisimama ghafla anaona giza, anashika ukuta. Usiku akienda chooni anaanguka. Familia inasema ni uzee. Vidonge vya presha vinavyomkojoza mtu vinazidisha jambo hilo, kwa kuwa jasho linatoa maji na dawa nayo inatoa maji. Msipunguze dozi wenyewe hata siku moja. Nunueni au azimeni mashine ya kupimia, pimeni asubuhi na jioni wiki mbili za mwanzo, akiwa amekaa na kisha akiwa amesimama, andikeni kwenye daftari, mpelekeeni daktari lile daftari. Daktari mwenye namba mbele yake ataamua kwa dakika tano jambo ambalo bila namba angelikisia.

Wenye sukari wanaochoma insulini wana tatizo la kuihifadhi. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8, mahali pa friji. Iliyofunguliwa inavumilia joto la chumba kwa wiki nne hivi, mradi chumba kisivuke 30, na hapo ndipo Dar ya Februari inapoharibu mambo. Kijijini watu huweka kichupa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa, na Oktoba kavu ya Iringa hiyo ni akili nzuri. Pwani chungu hakipozi vya kutosha, kwa sababu ileile ya mtungi. Friji, basi, katikati na si juu kwenye barafu, maana insulini iliyoganda imekufa.

Na kuna diklofenaki. Wazee wetu wa milimani magoti yanawauma, na duka la dawa haliulizi. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa za jamii hiyo, na ibuprofeni ikiwemo, huziumiza figo, hasa zikikutana na vidonge vya presha. Kwenye begi la safari ziacheni. Parasetamoli kwa kipimo chake, na dawa ya kuchua, vitamsogeza.

Abebe kadi ya kliniki yenyewe, si picha yake, na dawa za kutosha kwa muda wote wa ziara na wiki mbili zaidi.

Kushuka kwenyewe: basi, treni, ndege

Basi la kutoka Njombe huondoka alfajiri. Mama amevaa fulana, blauzi, sweta, koti, kitenge juu na soksi, na kwa Makambako saa moja asubuhi hajakosea. Mafinga bado. Iringa anaanza kujipepea. Mnateremka Kitonga, na mkifika Ruaha Mbuyuni wachuuzi wa vitunguu wanagonga vioo, joto linaingia mlangoni kama mtu mwenye tiketi, na mama bado ana koti lake kwa sababu kiti kimebana na anaona haya kujivua mbele ya watu. Hajanywa maji tangu jana jioni. Amekataa makusudi, asije akamsumbua konda kwa kuchimba dawa. Hapo ndipo ugonjwa wa "kufika Dar" unapoanzia.

Kwa hiyo, kwa basi: kiti cha kandokando ya njia, karibu na mlango, upande usio na jua. Nguo za matabaka mepesi zinazovuliwa moja moja, mtu wa familia amwambie waziwazi pale Iringa Ipogolo, "Mama, koti sasa." Maji kidogo kidogo, na konda ajue mapema kwamba kuna mzee atakayehitaji kushuka. Kila mkisimama ashuke atembee, miguu iliyoning'inia kwa muda wa saa kumi na mbili inavimba na damu inaweza kuganda humo. Siku hizi mabasi ya usiku yapo, na kwa joto la Mbuyuni na Mikumi yana nafuu. Kwa usalama wa barabarani napendelea mchana, nikishindwa kuchagua nitachagua basi la alfajiri.

Treni ya TAZARA ina kitu ambacho basi halina: kitanda na choo. Mzee analala, anaamka, anatembea kwenye korido. Ubaya wake ni ratiba, kwa hiyo ulizeni kituoni kama inasafiri na imechelewa kiasi gani kabla ya kumtoa mzee nyumbani. Kwa asiye na haraka na mwenye msindikizaji ni safari ya heshima.

Ndege kutoka Songwe ni saa moja na kidogo. Ghali, ndiyo. Lakini kwa mwenye moyo unaochoka au aliyewahi kupata kiharusi, watoto wanne wakichanga nauli badala ya kila mmoja kununua zawadi yake, inalipika. Kumbukeni tu kwamba atapanda akiwa na sweta na kushuka Dar dakika sabini baadaye bila hatua za katikati. Nguo nyepesi ziwe ndani, gari liwe limefika.

Kama lazima aje Januari

Rufaa, msiba, au hakuna wa kumlinda kijijini. Aje. Wiki mbili za mwanzo asipewe ratiba ya kutembelea ndugu Bagamoyo na Kigamboni. Kanisani aende misa ya kwanza. Aoge maji ya kawaida mara mbili tatu kwa siku. Chumvi ya kumwaga mezani haihitajiki, hasa mwenye presha. Maji na chakula cha kawaida vinatosha, na akiharisha ndipo apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti.

Jueni tofauti ya kuchoka na hatari. Kuchoka kwa joto ni jasho jingi, kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, kizunguzungu. Kivulini, nguo zilegezwe, maji kidogo kidogo, feni. Katika nusu saa hivi anapaswa kuwa anarudi. Hatari ni akili. Mzee akianza kuongea mambo yasiyounganika, akikosea majina ya watoto wake ambayo asubuhi alikuwa anayajua, akiyumba, akipata degedege au akipoteza fahamu, na mwili unawaka, huenda umevuka nyuzi 40. Msikae kungoja kuona kama ni malaria au "mambo ya kwao". Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, wekeni vitambaa baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena, huku mtu mwingine akitafuta gari. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote. Parasetamoli haisaidii joto la namna hii, kwa hiyo msipoteze dakika kuitafuta. Endeleeni kumpoza njiani mpaka hospitali.

Kumrudisha

Mzee aliyekuja Januari watu huwa wanamrudisha mwishoni mwa Mei au Juni, Dar inapopendeza na Makete ikiwa imeingia kwenye sakitu. Yaani anapata ubaya wa pande zote mbili. Amechoka na joto, anaingia kwenye baridi, anasogezewa jiko la mkaa chumbani na dirisha linazibwa na gunia. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini kwa hewa isiyo na harufu. Jiko likae nje mpaka moto uishe, ndani viingie chupa ya maji ya moto iliyovikwa kitambaa na blanketi la pili. Kama imebidi aje Januari, bora arudi Aprili, baridi haijashika.

Akishafika kwake, wiki nne za mwanzo homa yoyote ipelekwe zahanati na neno moja lisemwe kabla ya mengine yote: "Ametoka Dar." Njombe na Makete malaria ni adimu kiasi kwamba mhudumu anaweza kuanza kutafuta kifua au mkojo kwanza, wakati malaria aliyoambukizwa na mbu wa Mbagala huchukua siku saba mpaka mwezi kujionyesha. Kipimo cha haraka cha malaria ni cha tone moja la damu kidoleni na majibu hutoka ndani ya nusu saa.